Bibi ana pasi, mama ana pasi, mjukuu hana

SWALI: Shangazi, shikamoo. Jirani yangu hapa Muscat ni Mpalestina. Bibi yake alikimbia kutoka kijiji chake cha Beit Dajan, karibu na Jaffa, katika vita vya 1948 Israel ilipoundwa. Mama yake akazaliwa kambi ya wakimbizi ya Balata, Nablus, Ukingo wa Magharibi. Wote wawili wana pasi za Jordan. Yeye kazaliwa huko huko Jordan, kambi ya Jerash, lakini ana pasi ya muda, kila miaka 2 ahangaike kuibadilisha. Mume wangu anasema hapo kuna linalofichwa. Halafu mama mtu amekuja kutembea, kanionyesha nguo yake na ya bibi, zote za tarizi, hazifanani hata kidogo, naye anasema zote ni za kwao. Binti yangu anataka kufundishwa kutarizi. Nimruhusu? – Mama wa watatu, Muscat

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo aache kutafuta siri, aulize baba mtu katoka wapi. Nadhani ni Gaza. Kambi ya Jerash ilifunguliwa 1968 kwa waliotoka Gaza baada ya vita vya 1967, na wengi huiita kambi ya Gaza mpaka leo.

Sasa sikiliza. Sheria ya uraia ya Jordan ya 1954 iliwachukua Wapalestina waliokuwa wakiishi Ukingo wa Magharibi, upande uliotawaliwa na Jordan wakati huo, Balata ikiwemo. Gaza ilikuwa chini ya Misri, kwa hiyo watu wake wakabaki nje. Na sheria hiyo hiyo inasema mtoto hufuata uraia wa baba. Mama akiolewa na mtu wa Gaza, basi, pasi yake inaishia kwake. Mwaka 2014 serikali iliwapa watoto wa namna hii nafuu kidogo za shule, matibabu na kazi, uraia, hapana. Hata UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia, huandikisha ukimbizi kwa upande wa baba. Mimba kabeba mama, kambini kalea mama, karatasi inamuuliza mume! Mie hapo hunipanda hasira, tuendelee.

Kuhusu nguo, mama mtu anasema kweli. Beit Dajan ilisifika kwa tarizi, na zamani ukiitazama nguo ya mwanamke kifuani ulijua katoka kijiji gani. Kambini, mwanamke wa Jaffa alijikuta jirani na wa Hebron na wa Ramle, wakaigana michoro. Wengine waliuza nguo zao za harusi wapate chakula. Waliotaka kushona tena walitumia kitambaa cha dukani walichokimudu, ndiyo maana nguo za kambini zina mchanganyiko. Kuna za miaka ya Intifada, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel yaliyoanza 1987, zenye bendera na ramani ya Palestina kifuani, kwa sababu Israel ilikuwa imepiga marufuku kupeperusha bendera yenyewe. Watu husifia za bibi tu kwa kuwa ni kongwe. Mimi ningeomba ya mama niitazame kwanza.

Binti mruhusu, tena leo, kabla mgeni hajaondoka. Mnunulie kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika kwa macho, maana mshono wao ni wa msalaba na kila msalaba huhesabiwa. Uzi mwekundu kwanza. Akimaliza mstari asikimbilie kuonyesha upande wa mbele: mafundi wa tarizi hugeuza kitambaa wakakagua nyuma.