Muulize Daktari: Yuriki asidi imepanda, moyo wangu utasimama?

SWALI: Daktari, salaam. Nina miaka 57, naanika na kuuza dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Mwanangu alinilipia vipimo, yuriki asidi ikasoma 470, maabara wakaizungushia wino mwekundu. Muuza duka la dawa akasema hiyo ndiyo inayoua moyo. Akaniuzia alopurinoli nimeze maisha yangu yote, na dagaa niache kabisa. Boksi sijalifungua. Kidole wala goti havijawahi kuniuma. Presha ninayo, kila asubuhi nameza haidroklorothiazaidi. Nisipoimeza hiyo alopurinoli, moyo utasimama? Na dagaa nitaachaje, wakati ndio mboga na ndio ada ya wajukuu?
Mama wa Kibirizi

JIBU: Shikamoo mama. Hilo boksi liache hivyo hivyo lilivyo, na dagaa endelea kuanika.

Yuriki asidi ni taka inayobaki mwili ukivunja purini, ambazo zimo kwenye chembe zetu wenyewe na pia kwenye nyama, maini na samaki wadogo. Kazi kubwa ya kuitoa ni ya figo. Kwa mwanamke maabara nyingi huweka kikomo kwenye 360 hivi, kwa hiyo yako imepanda kweli. Ila muuza dawa amekimbilia dagaa akaruka mambo mawili yaliyomo kwenye barua yako. Hedhi ikishakoma, homoni iliyokuwa ikizisaidia figo kuisukuma nje hupungua. La pili ni hicho kidonge cha asubuhi: kinakukojoza maji na chumvi, presha inashuka, lakini yuriki asidi inabaki mwilini. Tafadhali usije ukakiacha kwa sababu ya maneno yangu. Presha isiyotibiwa ndiyo ninayoiogopa kwako, kuliko hiyo 470.

Sasa moyo. Ni kweli wenye yuriki asidi nyingi hupata maradhi ya moyo na kiharusi zaidi ya wengine. Lakini wengi wao ndio hao hao wenye presha, kisukari, uzito mkubwa na figo zilizochoka, na mtu kukutwa kwenye nyumba iliyoibiwa hakumfanyi awe mwizi. Waingereza waliamua kulijaribu jambo lenyewe: wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700, wenye miaka 60 na kuendelea, wasio na jongo, yaani maumivu ya viungo yaletwayo na yuriki asidi. Nusu wakaongezewa alopurinoli, ambayo hushusha yuriki asidi, nusu wakaendelea na dawa zao za kawaida, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Majibu yalitoka mwaka 2022: mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikutofautiana. Na hao ni watu ambao tayari moyo ulikuwa mgonjwa! Wewe umeuziwa ya nini?

Alopurinoli ni dawa nzuri mahali pake. Mwenye jongo linalorudi rudi, au mawe ya figo ya yuriki asidi, namwandikia bila kusita. Lakini figo hupimwa kwanza, dozi huanza ndogo, na mgonjwa huambiwa akiona upele aache mara moja na kukimbilia hospitali, maana kwa wachache ngozi hubabuka vibaya hadi kuhatarisha maisha. Dukani sidhani kama ulielezwa hayo.

Dagaa ninawapenda mno, hasa wa mawese na ugali wa muhogo, kwa hiyo msinitegemee kuwasema vibaya. Wakavu wana purini nyingi kuliko wabichi kwa uzito ule ule, kwa kuwa maji yametoka. Wachemshe kidogo, mwaga maji ya kwanza, ndipo uwaunge. Purini kiasi huondoka na hayo maji. Siku nyingine pika maharage, hayo hayana neno. Soda ndiyo ningekunyang'anya kwanza, kwa sababu sukari yake huipandisha yuriki asidi na kuongeza uzito juu. Bia vilevile, kama unaonja.

Ukienda kliniki ya presha, beba karatasi ya maabara na dawa zako zote. Omba wakupime kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), sukari na mkojo. Muulize daktari wako kama losatani inakufaa badala ya hicho kidonge au pamoja nacho. Hushusha presha, na yuriki asidi nayo hupungua kidogo. Siku kidole gumba cha mguu kikikuamsha usiku, kimevimba, chekundu, hata shuka hulitaki likiguse, hapo nenda hospitali, mazungumzo ya alopurinoli yataanza upya.