Simu imebadilisha anwani, au imebadilishiwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Buzuruga, Mwanza. Mteja amelalamika kwamba kila akitoka ofisini, akaiacha Wi-Fi na kuingia kwenye bando, simu ya video inakatika. Akasema, "Simu yangu inabadilisha anwani." Kijana ninayemfundisha kazi akamrekebisha: simu inahama, anwani ndiyo inayobadilika. Nani yuko sahihi? Na je, ni sawa kusema "anwani ya simu"?

Jibu: Marahaba, fundi. Wote wawili wanaeleweka, lakini hakuna aliyelipata lenyewe. "Inabadilisha" inaifanya simu kuwa mtendaji, kana kwamba imejichagulia. "Inabadilika" inatufanya tudhani anwani ileile imegeuka sura. Kilichotokea ni hiki: ruta ya ofisini, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, iliipa simu anwani ya IP, yaani namba ya kuifikishia data mtandaoni, mara nyingi huanza na 192.168. Mteja alipotoka getini, ikawa inatumia nyingine iliyotolewa na kampuni ya simu. Ile ya kwanza haikugeuka kitu. Imebaki kwa ruta, na kesho inaweza kupewa simu ya mtu mwingine. Kiswahili kina mnyambuliko unaobeba habari hiyo yote: simu imebadilishiwa anwani. Ukitaka wepesi, imepewa anwani nyingine.

"Anwani ya simu" si kosa la sarufi, ila inapotosha, na chanzo kiko kwenye mazoea yetu. Watu wa umri wangu tulikua tukijua anwani ni S.L.P. Ukihama Kirumba ukaenda Igoma, sanduku lilibaki lako na barua ulizifuata palepale posta. Anwani ilikuwa ya mtu. Anwani za makazi, zile zilizotuwekea vibao mitaani mwaka 2022, ni kinyume chake: namba ni ya nyumba, mpangaji akihama anaiacha mlangoni. Anwani ya IP ni ya aina hii ya pili. Inaonyesha simu imeunganishwa wapi, si simu ipi. Ndiyo maana mimi husema "anwani inayotumiwa na simu", ingawa ni ndefu. Namba iliyo karibu zaidi na kifaa chenyewe ni ya MAC, ile ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, na hata hiyo simu nyingi za siku hizi huificha kwa kujibunia nyingine zinapoingia kwenye Wi-Fi mpya.

Sasa "kuhama". Kijana wako asilitumie ovyo. Panda kivuko cha kwenda Kamanga ukiongea kwa video kwa bando. Huko majini simu huachana na mnara wa mjini ikashika wa ng'ambo, na mazungumzo, mtandao ukiwa mzuri, yanaendelea. Hapo simu imehama mnara, haijahama mtandao. Anwani ilitolewa ndani zaidi, kwenye mitambo mikuu ya kampuni, na minara inapokezana tu kufikisha data. Mteja wako yeye alihama mtandao. Mawasiliano mengi ya intaneti hutambulika kwa anwani na namba za bandari za pande zote mbili (namba ya bandari huonyesha data ni ya programu ipi ndani ya kifaa; naam, "bandari", japo kwa mtu wa Mwanza neno hilo lazima liwe na meli ndani yake). Anwani ya upande mmoja ikiondoka, upande wa pili haujui tena unaongea na nani. Itifaki ya QUIC, yaani kanuni za mawasiliano zilizosanifishwa rasmi mwaka 2021, huyapa mawasiliano namba yao yenyewe, hivyo yanaweza kuendelea hata anwani ikiwa nyingine.

Wahandisi walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1996 zilitolewa kanuni za IP kwa vifaa vinavyohamahama, na ndani yake kuna istilahi mbili. Anwani ya nyumbani, isiyobadilika, haina shida. Ya pili ni ile ya muda inayopatikana ugenini, kwa Kiingereza "care-of address". Atakayeitafsiri neno kwa neno atatoka na "anwani ya uangalizi", ambayo mimi nikiisikia nawaza wodi. Napendekeza "anwani ya kufikia". Tunasema, "Akija Mwanza hufikia kwa baba yake mdogo Nyegezi": mtu huyo hajahama, kwao kupo, ila kwa sasa ukimtaka yuko pale. Ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Kifaa humjulisha wakala wa nyumbani, yaani mtambo unaokipokelea data kwenye mtandao wa kwao, kilikofikia, na kila pakiti (kifurushi cha data) inayokuja nyumbani wakala huifunga ndani ya pakiti nyingine na kuituma huko. Anayeogopa kwamba "kufikia" litachanganywa na kufikia tovuti aandike "anwani ya ugenini". Sitagombana naye.

Kwenye risiti ya mteja andika: "Simu nzima. Inakatika kwa kuwa inabadilishiwa anwani inapohama mtandao." Na hela ya ufundi, fundi wangu, hapo sidhani kama unaidai.