Kwa mwanangu, kuhusu mdogo wako na jeshi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kama ni kweli wanaokwenda jeshini ni wale walioshindwa na shule, na kama ni hivyo, mdogo wako na shahada yake anatafuta nini kwenye foleni ya makuruti.

La kwanza ni jepesi, maana limepimwa sana. Jeshi la Marekani lilipoingia vitani mwaka 1917 lilianza kuwatahini watu wake, zaidi ya milioni 1.7: waliojua kusoma walipewa karatasi ya maneno, wasiojua wakapewa ya picha. Vita vya Vietnam vilipokuwa vinalila watu, kati ya 1966 na 1971, lilishusha kiwango likachukua zaidi ya vijana 300,000 ambao awali lingewakataa. Mwaka 1973 likaacha kuandikisha kwa lazima, na tangu hapo inabidi libembeleze. Hata hivyo huwataka zaidi waliomaliza sekondari, na sababu yake inanifurahisha mimi mwalimu: aliyemaliza shule ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza mkataba wake wa kwanza bila kuacha njiani. Si lazima awe na akili kumzidi mwenzake. Amezoea tu kukaa mahali asipopapenda mpaka kengele ilie. Anayedaiwa shahada ni afisa. Kwa hiyo hapana, jeshi si jalala la waliofeli.

Ila sidhani hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Cheti hakikwambii mtu anaondoka nyumbani kwa nini. Najua mnanicheka nikilisema hilo, wewe na mdogo wako mnaniiga mpaka sauti. Igeni tu. Nililipata kwa gharama.

Mjomba wako aliacha shule ukiwa umebaki mwaka mmoja, hilo unalijua. Usilolijua ni barua. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, najiona nimeshafika. Akaniandikia kutoka kambini, kurasa tatu, mistari inapanda kilima, r imekaa penye l, h zimedondoka zote. Kwata, viatu vinavyochubua, afande anayewaamsha usiku wa manane. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha barua nzima, nikaandika chini 11 kwa 20, "jitahidi", nikaitia kwenye bahasha nikamrudishia. Niliona ni utani. Bweni zima tulicheka.

Hakuniandikia tena.

Miaka mingi baadaye, kwenye maziko ya babu yako, askari mmoja wa kombania yake alinishika mkono akaniambia kwamba mjomba wako ndiye aliyekuwa karani wao wa siri. Wasioweza kalamu walimletea barua za mama zao na za wachumba, awasomee, kisha awaandikie majibu wenzao wakiwa wamelala. Yule wa 11 kwa 20! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Na kulikuwa na sentensi, ukurasa wa pili. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu ya makosa yake: "Apa akuna anaeniuliza nimefeli nini." Niliitia alama tatu nyekundu nikapita. Ndiyo ilikuwa barua yenyewe, zile kurasa nyingine zilikuwa za kuisindikiza tu.

Utaniambia, mama, si unaona, alikimbilia jeshini kwa kuwa shule ilimshinda. Nakataa. Halafu nanyamaza kidogo, maana labda ndivyo. Lakini wapo wanaokwenda kwa ajili ya shule hiyo hiyo: ile sheria ya Marekani ya 1944 iliwalipia karo askari waliorudi kutoka vitani, na mpaka leo wako wanaovaa gwanda ili watoke na shahada. Wapo wanaofuata mshahara. Wapo wanaofuata bendera, na wasiotaka kusema. Mara nyingi ni mtu mmoja, na siku ukimuuliza anakupa sababu moja, ile anayodhani utaipenda. Cheti hakikwambii. Haya, nimelirudia.

Sasa unataka niseme kama tumzuie. Sisemi. Unajua fika ningesema nini, na mdomo unaniwasha hapa nilipo, lakini niliwahi kutoa maksi mara moja na yakanitosha. Nilichofanya ni kumwomba aniandikie sababu zake, kwa mkono, kwenye karatasi. Imefika jana, kurasa nne. Mstari wa kwanza tu una makosa mawili, na shahada anayo. Kalamu nimempa baba yako aifiche.

Ukurasa wa pili nitausoma leo usiku.

Mama yako