Foleni ya malori haihesabiki kwa kuitazama

SWALI: Nina shahada ya takwimu. Nimeona tangazo la chuo kikuu kinachotafuta mtafiti msaidizi wa takwimu za usafirishaji wa mizigo, nami sijawahi kufanya kazi bandarini wala kwenye kampuni ya malori. Nijiandae vipi kwa usaili? — Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Semitrela (trela zinazovutwa na kichwa cha lori) utazijua ukiwa kazini. Watakachokupima ni kama unaitilia shaka data kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta, na kwa hilo Tunduma, mpakani na Zambia, iko karibu nawe.

Chukua swali la kawaida: lori hukaa mpakani siku ngapi? Wengi huenda siku moja, wakauliza madereva waliopo kwenye foleni, wakatoa wastani. Tuseme kati ya malori yanayofika, nusu hukaa siku 1 na nusu siku 9. Wastani wa kweli ni siku 5. Lakini yanayokawia ndiyo yanayojaa pale: katika kila malori 10 utakayoyakuta, 9 ni ya siku 9. Hata ukilisubiri kila moja mpaka litoke, utapata siku 8.2. Hesabu haina kosa, sampuli ndiyo mbovu.

Kwa hiyo andikisha malori yanapoingia, si yanapokuwa yamepanga foleni. Chukua, kwa mfano, kila lori la 10, mchana na usiku, andika namba na saa, kisha lifuatilie hadi livuke. Siku ya kufunga zoezi kuna ambayo yatakuwa bado hayajavuka. Usiyafute! Hayo mara nyingi ndiyo yaliyokwama kweli. Tumia Kaplan-Meier, mbinu ileile ya watafiti wa hospitali: lori linahesabiwa kuwa bado lipo hadi saa ya mwisho ulipoliona. Na utoe mediani (thamani ya katikati), kwa sababu malori machache yenye nyaraka zenye kasoro huuvuta wastani juu.

Upande wa mizani, kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu) moja ya matairi manne. Lori lililozidisha hupunguza au kupanga upya mzigo, likapimwa tena. Usipolinganisha namba za magari, umelihesabu mara mbili. Na usiridhike na wastani wa uzito. Uharibifu wa lami hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, hivyo tani 12 huumiza barabara kama mara mbili ya tani 10. Ekseli mbili za tani 8 na 12 zina wastani wa tani 10, ila kwa pamoja huichosha lami karibu robo zaidi ya mbili za tani 10.

Nenda na ukurasa mmoja wa mpango wa namna hiyo na msimbo wako wa R (lugha ya kompyuta ya takwimu) unaoendeshwa bila kukwama. Vyeti wanavyo wote mtakaokuwa nao kwenye benchi.

SWALI: TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) na malori nivilinganishe kwa tani? — Msomaji, Makambako

JIBU: Kwa tani-kilomita, yaani tani mara kilomita zilizosafirishwa. Behewa linalotoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi huenda kilomita 1,860. Lori la mbao kutoka kwenu hadi Mbeya halifiki hata 200. Tani zao ukizijumlisha tu, safari ndefu na fupi zitaonekana sawa.