Kunyanyua karata mbili zikaonekana moja

Katika mazingaombwe yote ya karata ninayoyafanya, niliyoyahangaikia zaidi ni ya karata inayopanda. Mtu anachagua, tuseme saba ya kopa. Naiingiza katikati ya jozi huku anaona, nagonga juu kwa kidole, nafunua ya juu: saba ya kopa. Siri yake ni kunyanyua karata mbili watu wakaona moja: saba iliyo ya pili inaonekana kama ndiyo ya juu, zikirudishwa kinachoingizwa katikati ni karata nyingine, na saba inabaki juu. Kuielewa ni dakika moja, lakini mikono yangu ilihitaji karibu miezi minane.

Jozi inalala kwenye kiganja cha kushoto. Dole gumba la kulia linainua kidogo pembe ya nyuma ya karata mbili za juu, na nyama ya ncha ya kidole cha mwisho cha kushoto inaingia kwenye upenyo huo na kuushikilia. Mkono wa kulia ukija kugeuza, haupapasi wala hauhesabu, maana mbili zimeshatengwa na zimelingana. Kosa langu kwa muda mrefu lilikuwa kutafuta upenyo pale pale ninapouhitaji, watu wote wakikodolea mikono yangu. Uandae mapema, wakati mwenye karata anawaonyesha wenzake alichochagua, au baraza linapocheka. Halafu usizigeuze mbili kwa uangalifu kuliko unavyogeuza moja. Geuza karata moja ya kweli mara ishirini, uangalie mkono wako unafanya nini, ndipo ujifunze kuzigeuza mbili vivyo hivyo.

Nilianza kujifunza mbele ya kioo, nikajiona bingwa. Siku nilipoegemeza simu kwenye birika la chai na kujirekodi, niligundua kwamba kila nilipofika kwenye ujanja nilikuwa napepesa macho. Kwenye kioo sikuwahi kuona kitu, kwa sababu macho yenyewe yalikuwa yamefumba! Nakusihi ujirekodi. Na unapofanya mazoezi, sema maneno yako kwa sauti, hata kama chumbani uko peke yako. Mikono iliyozoea kufanya kazi kimya hukwama siku mdomo ukifunguka.

Ninyi wa pwani, angalieni karata zenu pia. Za karatasi hunywa unyevu, zikipinda zile mbili zinaachana mkononi. Zangu nazihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Mara ya kwanza kuonyesha mbele ya watu ilikuwa Tanga, usiku wa kuamkia harusi ya binamu yangu. Nilijiandaa kwa watu wazima waliokaa mbele yangu kwenye viti. Nikamsahau mtoto wa miaka kama saba aliyekuwa mkekani, nyuma ya mkono wangu wa kulia. "Mjomba, ziko mbili!" Alikuwa anautazama ule upenyo kama mtu anayechungulia mlangoni. Iliniuma sana, nikakaa wiki mbili bila kugusa karata. Sasa kabla ya kutoa jozi mfukoni natafuta ukuta wa kuuegemea, na watoto nawaita waje mbele.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kulipuuza kwetu. Ukitoa karata barabarani, wapo waliokwisha liwa hela zao kwenye karata tatu, au pata potea kama wanavyoiita Kenya. Wapo pia watakaokuuliza kama una jini. Mimi husema mapema: hapa hakuna pesa, hakuna dawa, ni mazoezi ya vidole. Wengine hudhani kusema hivyo kunaharibu utamu. Mimi naona kunawatuliza, na mtu aliyetulia hukutazama usoni unapomuuliza swali. Hapo ndipo mikono inapata nafasi yake.

Utaambiwa usirudie mazingaombwe yale yale kwa watu wale wale. Kwa haya kanuni hiyo inalegea, kwani utamu wake ni karata kupanda tena na tena. Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, alijigamba kwamba akionyeshwa kitu mara tatu atakifumbua. Mwaka 1922, mjini Chicago, Dai Vernon, mwanamazingaombwe wa Kanada, alimwandikisha herufi za jina lake kwenye karata, akaipandisha juu, na juu tena, kupita hizo mara tatu. Houdini hakuipata. Vernon aliishi hadi 1992 akisisitiza mikono itembee kama ya mtu asiye na siri. Sisi wengine tuishie mara tatu, na kila mara njia ibadilike kidogo.

Ile ya mwisho itokee mkononi mwa mtazamaji mwenyewe.  Saba ikiwa ya juu kabisa, nyanyua mbili, waone labda tatu ya pau, zirudishe, kisha mpe ile ya juu aifunike kwa kiganja. Nilimfanyia hivyo bibi yangu ukumbini kwake. Akaifunika kwa mikono miwili, nikamwomba aitaje. "Tatu ya pau." Nikamwambia afunue. Aliitazama saba ya kopa kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaisukumiza chini ya mkeka alioukalia.

"Mume wangu," akaniambia, "hii hairudi kwako."