Usinunue sensa ya throto kabla ya kuipima

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako linashtuka unapokanyaga mafuta kidogo, sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na fundi amekushauri ubadilishe sensa ya throto, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari mlango wa hewa ya injini (throto) umefunguka kiasi gani. Dalili hizo zinafanana kweli na ubovu wa sensa hiyo, lakini throto yenye masizi au mpira wa kupitisha hewa ya injini uliopasuka huleta hali ileile, kwa hiyo nakusihi upime kwanza.

Kwenye gari ambalo throto yake huvutwa kwa kebo, sensa huwa na nyaya tatu: umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya gari, ethi (waya wa kurudisha umeme), na waya wa ishara. Baadhi ya Toyota za zamani zina waya wa nne, unaohusu sailensa. Washa swichi bila kuwasha injini, hakikisha volti 5 na ethi vinafika, kisha pima waya wa ishara huku ukifungua throto polepole sana kwa mkono. Kwa kawaida ishara huanzia karibu volti 0.5 na kupanda bila kukatika hadi takriban 4.5. Ikiruka au kuanguka ghafla mahali fulani, hasa mwanzoni, ambako ndani ya sensa husuguliwa zaidi kwa sababu mguu hushinda hapo, sensa imelika. Kipimo cha kidijitali kinaweza kuukosa mruko mfupi; chenye mshale huuonyesha vizuri zaidi.

Volti 5 zisipofika, tafuta kasoro kwenye nyaya na soketi, kwa maana sensa mpya haitasaidia.