Mpwa wangu acheze namba moja au namba mbili?

SWALI: Assalamu alaikum Mwalimu. Namlea mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Wete. Mpira wa kikapu ameanza tangu darasa la tano. Mwalimu wake wa michezo kamweka namba moja, alete mpira na kuugawa, kwa kuwa ndiye mfupi kuliko wenziwe wote. Nilimpima mlangoni, ana sentimita 158. Mwenyewe hataki. Anasema yeye mfungaji, apewe namba mbili. Na kufunga anajua: mechi moja nilimwona katia vikapu saba, karibu vyote kamtoka mtu kwa kudunda, kisha akasimama ghafla na kutupa. Mechi iliyofuata wakamwekea watu wawili, wakampokonya mpira mara kwa mara, akarudi nyumbani kanuna hata chakula hakugusa. Mimi mtu wa soka, kikapu sikijui. Nimshauri nini?
Mjomba, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaikum salaam, mjomba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona jibu umeliandika mwenyewe humo ndani. Umesema vikapu saba, karibu vyote kamtoka mtu kwa kudunda. Tushike hapo.

Namba mbili kazi yake kubwa huifanya akiwa hana mpira. Anazunguka nyuma ya walinzi, anapita kwenye skrini (mwenziwe anasimama njiani kumziba mlinzi), anatokea pembeni, mpira unamkuta mikono iko tayari, na anatupa kabla mlinzi hajageuka. Kwa dakika nzima anaweza kukimbia hivyo asipate hata pasi moja, na bado akimbie tena. Mpwa wako sivyo anavyofunga. Vikapu vyake vinaanzia kwenye kudunda kwake mwenyewe. Mkimpeleka namba mbili leo, mtamwondolea mkononi kitu kile kile kinachomfanya afunge, na baada ya wiki mbili atanuna zaidi ya hivi.

Kwa hiyo naona mwalimu wake kapatia nafasi, ila sababu ndiyo iliyokosewa. Mtoto hawekwi namba moja kwa ufupi. Ana miaka 14! Wavulana wengi hurefuka kwa kasi katika umri huu huu, na sentimita ulizoandika mlangoni Ramadhani hii huenda zisikufae Ramadhani ijayo. Na hata akibaki mfupi, ufupi pekee haumzuii mtu kucheza namba mbili. Allen Iverson, nyota wa NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, alikuwa na sentimita 183 tu, na msimu wa 2000–01 timu yake ya Philadelphia ilimchezesha namba mbili, mpira akiuleta Eric Snow. Mwaka huo wa 2001 Iverson alitunukiwa mchezaji bora wa ligi na timu ikafika fainali. Lakini angalia mpango ulivyokuwa: Snow alikuwa mrefu kuliko yeye na mkabaji hodari, akimkaba yule gadi (namba moja au mbili) mkubwa wa timu pinzani. Muulize mwalimu kama skulini wanaye kijana wa namna hiyo, wa kuleta mpira na pia kumkaba mtu mrefu. Kama hawanaye, basi mpwa wako akicheza namba mbili atakutana kila siku na watu wanaomtupia juu ya kichwa.

Sasa hili la kwamba namba moja ni wa kugawa tu. Nani kamwambia? Stephen Curry, nyota mwingine wa NBA, akiwa chuo cha Davidson huko Marekani, miaka miwili ya mwanzo alicheza zaidi namba mbili kwa sababu mpira ulikuwa na Jason Richards. Richards alipomaliza masomo, msimu wa 2008–09 Curry akaukamata mwenyewe, na kufunga hakuacha. Juni 2009 akachaguliwa wa 7 kuingia NBA, usiku ule ule ambao Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2. Mwambie mpwa wako anayeleta mpira ndiye wa kwanza kuiona nafasi ya kutupa. Ikiwa yake, aitumie. Mwalimu naye amruhusu waziwazi, mbele ya timu nzima, maana huenda mtoto ananuna kwa kudhani amekatazwa.

Kinachonitia wasiwasi ni ile mechi ya pili, ya kuwekewa watu wawili. Hapo nasema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha tatu Unguja, namba mbili wa timu ya skuli. Mitupo yangu ilikuwa inaingia, basi nikaambiwa kudunda kusinishughulishe, kuna mwenzangu wa kazi hiyo. Nikafurahi. Mkono wa kushoto nikauacha ulale. Siku moja mwenzangu akatolewa kwa makosa 5 kipindi cha mwisho, mpira nikaachiwa mimi. Wasichana wa upande wa pili hawakuchukua muda kugundua kwamba naenda kulia tu. Wakaziba kulia. Sheria inataka mpira uvuke nusu ya kiwanja ndani ya sekunde 8. Mara mbili mfululizo zilimalizika nikiwa bado upande wetu, nimempa mlinzi mgongo, sijui pa kwenda. Tulifungwa. Jioni nilikaa barazani mpaka chai ikapoa, na nilichokuwa nikikiwaza ni miaka miwili ya mkono wa kushoto ambayo hakuna aliyenidai.

Ndiyo maana simwambii mwalimu amhamishe, hata kwa huruma. Kuwekewa watu wawili ni heshima, wamemwogopa. Lakini lazima afundishwe kutoka. Asiwasubiri wamfikie. Akiona wa pili anakuja, arudi nyuma midundo miwili, ainue macho, ampe mwenzake aliyeachwa, maana wawili wakimfuata yeye kuna mmoja yuko huru. Na baada ya kutoa pasi asisimame, akimbie aupokee tena. Hapo ndipo atakapoionja namba mbili bila mtu kumbadilisha jina: anampa mwenzake, anazunguka, mpira unamrudia, anatupa. Gadi wa umri wake anahitaji kazi zote mbili, na kwenye mazoezi ningependa robo ya muda acheze bila kuleta mpira kabisa.

Mkono wa kushoto ni wa nyumbani. Uani panatosha. Baada ya alasiri, kabla ya kwenda chuo cha Kurani, adunde kwa kushoto dakika 15 huku wewe umesimama mbele yake unamwonyesha vidole, naye ataje ni vingapi. Akitazama chini hatoviona. Huhitaji kujua kikapu kwa kazi hiyo, na nakuahidi atapenda kwamba mjomba yumo.

Jambo moja zaidi, ukienda kumtazama. Viwanja vyetu vingi viko wazi, na kusi likivuma jioni mtupo wa mbali, wa mita 6.75, unapeperuka hata kwa mtu mzima. Usimpime kwa hiyo. Chukua karatasi na umwandikie mambo matatu tu: anapobanwa macho yanakwenda juu au chini, mara ngapi kaenda kushoto, na akishatoa pasi anakimbia au anasimama kashika kiuno. Vikapu usivihesabu, wengine watavihesabu.

Fanya hivyo mechi tatu, kisha niletee hiyo karatasi. Ikionyesha kwamba akishatoa mpira anakimbia zaidi kuliko anapokuwa nao, nitageuza maneno yangu na kukuandikia hapa hapa kwamba ni namba mbili.